Maji ya Moto Mbele ya Kamanda

Enzi zetu pale Uvira, kando ya ziwa, kabla watoto hawajajua kuwanunia wazazi kwa sababu simu imeisha chaji, wasichana wa darasa letu tuligombania zamu ya kushika waya wa umeme. Mama alikuwa akiniona narudi na vidole vyekundu, anasonya: "Weye, mikono itaungua kabla haijampikia bwana hata bugali!" Nami nilikula ndagala zangu, dagaa wa ziwani, huku nikiwaza kesho zamu ni ya nani.

Uhuru ulikuwa umekuja. Walimu wazungu walipakia magari yao wakaondoka, wakaacha kabati la fizika bila ufunguo. Mwalimu Byamungu, mtoto wa mkulima wa pamba wa Luvungi, alilivunja kwa bisibisi siku yake ya kwanza. Alichukua resho lililokufa, lile jiko la umeme, akatoa rezistansi yake, ule waya uliojisokota kama nywele zetu, akakata kipande na kukifunga kwenye batri ya lori. Kipande akakitumbukiza ndani ya kikombe cha maji, sisi tukasoma termometa kwa kusukumana. Madirisha yalikuwa wazi, harufu ya samaki wanaoanikwa ufukweni ikichanganyika na ya vumbi linaloungua. Waya mrefu uliyaacha maji vuguvugu, ya kuogeshea kichanga. Waya mfupi uliyachemsha. "Kwa nini?" akauliza Mwalimu.

Zuhura, rafiki yangu, binti wa wachuuzi Waislamu, alisimama bila kuinua mkono. "Waya mfupi hauzuii sana. Umeme mwingi unapita."

Mwalimu alicheza ngoma pale pale, mzima mzima, na koti lake moja. Nani leo amewahi kumchezesha mwalimu wake?

Kisha waasi wakaingia mjini, na ndege za serikali zikaanza kuja kutupa mabomu. Alasiri moja wapiganaji walipita shuleni, wakaona batri na nyaya. Walimfunga Mwalimu mikono, wakamsukuma hadi uwanja ambako kamanda wao alikuwa akihukumu watu. Kosa lake: anaita ndege kwa mashini. Mji mzima ulijua kwamba waliopatikana na kosa hilo hawakurudi kwao.

Zuhura akanitazama. Hatukushauriana. Tuliibeba batri waliyoiacha, pamoja na waya wake, katikati yetu, nzito kama mtoto mgonjwa, maji yake makali yakitoboa kikwembe nilichojifunga. Njiani mama alinidaka mkono. "Rudi nyumbani!" Niliuvuta mkono wangu. Sikuwahi kufanya hivyo maishani.

Kamanda alikuwa kijana tu, amejifunga ngozi ya mnyama kichwani. Alituangalia, akaiangalia batri. "Hii njo mashini ya kuita ndege?"

"Hapana," nikasema. "Iko ya kuchemsha maji. Utupe kikombe, utaona."

Watu walicheka, lakini kikombe kililetwa. Tukafunga waya, tukauzamisha. Tukangoja. Mwalimu alipiga magoti kando, mtutu wa bunduki shingoni, amekatazwa kufungua kinywa. Kamanda akachovya kidole.

"Maji iko baridi."

Batri ilikuwa imechoka. Mpiganaji mmoja akamshika Mwalimu kola amwinue.

"Bado!" Zuhura akapiga kelele. Kisha akaninong'oneza, "Ufupishe."

Nikasogeza kibanio cha batri mbele zaidi kwenye waya, nusu yake ikabaki bila kazi. Kama ningeufupisha kupita kiasi ungeungua na kukatika, na tulikuwa na huo tu. Kikombe kikaanza kuimba kidogo, viputo vikapanda, halafu mvuke. Kamanda akachovya tena, akaruka nyuma akinyonya kidole.

Zuhura akatazama juu, polepole, kutoka mlimani hadi ziwani. "Kamanda, ndege ngapi zimekuja?"

Mpiganaji mzee akaangua kicheko, na uwanja wote ukamfuata. Kamanda mwenyewe akageuza uso ili tusione meno yake. "Mumufungue," akasema. "Batri inabaki. Iko ya lori yetu."

"Sasa tutasoma na nini?" nikauliza.

"Mutasoma kisha vita kuisha."

Mwalimu alisimama akijisugua mikono. "Tutasoma kesho," akasema.

Na tulisoma. Alichora batri ubaoni kwa chaki, akachora waya na kikombe, nasi tukapiga hesabu za moto ambao haukuwepo. Hata watoro walikuja. Majuma machache baadaye tulitawanyika kukimbia, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa, na Mwalimu sikumwona tena. Zuhura alikuja kuwa fundi umeme Bujumbura. Mimi nilirudi Uvira nikafundisha fizika, na kila mzazi aliyeniambia si kazi ya wasichana nilimpa kiti akae nyuma asikilize.

Siku hizi wajukuu wangu wanabonyeza birika la umeme na kurudi kwenye simu zao. Maji yanachemka peke yake, birika linajizima, hakuna aliyeona kitu. Ni watoto wema, lakini ninawahurumia. Na nikisikia redioni kwamba vita vilitunyang'anya utoto wetu, nafunga redio. Vilichukua shule yetu, batri yetu, mwalimu wetu. Utoto wangu vilikuja kuutaka, nikakataa.