Mgonjwa wa Kawangware

Nabwire aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Mashimoni, Kibera, kwa miaka kumi na mitatu, na saba ya mwisho aliuza akiwa na paka mezani. Watu walimcheka. Fisi hapewi bucha, walisema, sasa huyu paka naye amepewa samaki awalinde? Lakini Karani, maana ndilo jina alilompa, alikuwa na adabu kuliko wateja fulani ambao hatutawataja. Alikaa kando ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, miguu ya mbele ameikunja, akikagua kila omena inayopita, wala hagusi hata kichwa kimoja. Nabwire akifunga jioni ndipo alipomwekea fungu lake. Omena kavu asubuhi, omena kavu jioni. Hakuna paka Kibera nzima anayekula hivi, alijisifu.

Annet, bintiye wa pekee, aliolewa kwao Busia. Mume alihamia kwa mwanamke mwingine zamani, na hilo lilishakwisha. Kwa hiyo aliyebaki kumsikiliza Nabwire akilalamika kuhusu mvua, magoti na bei ya mkaa alikuwa Karani, na alisikiliza vizuri.

Jumatatu moja Karani alianza kuingia mara kwa mara kwenye karai la majivu alimozoea kujisaidia. Anachuchumaa, anatoka, anarudi tena, na kulia kidogo. Nabwire akaona amefunga choo, akamnywesha kijiko cha mafuta ya kupikia. Jumanne akamnywesha kingine. Jumatano paka alilala chini ya meza, samaki wakapimwa bila mkaguzi.

Siku hiyo Hadia, mama wa Kinubi aliyefuga paka wanne kwake, alikuja kununua omena. Aliinama akamgusa Karani tumbo. Lilikuwa gumu kama kiazi kibichi.

"Huyu si choo, Mama Annet, ni mkojo umeziba," alisema. "Wangu mmoja alikufa hivi hivi. Kuna daktari wa mifugo Kawangware, anaitwa Muia. Mpeleke leo. Ukingoja kesho utakuwa unaenda kuzika."

Nabwire hakumaliza hata kumpimia. Alifunika meza kwa turubai, akamtia Karani kapuni, akamfunika kwa leso, akashika njia.

Muia alikuwa na duka la dawa za mifugo na vyakula vya kuku, na chumba kidogo nyuma. Alimpitishia paka mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, na mkojo uliotoka ulikuwa na damu. Kisha akauliza anakula nini. Nabwire akajibu kwa majivuno kidogo.

"Omena kavu tu? Miaka saba?"

"Na si zile za mchanga, Daktari. Nilimchagulia."

"Na maji?"

Nabwire alifikiri. Maji yalikuwapo siku nyingine, na siku nyingine mtungi ulikuwa mtupu.

"Chumvi na madini ya chakula kikavu vimeganda ndani vikawa mchanga, ukaziba njia," Muia alisema. "Paka anataka maji mengi, Mama. Atakaa hapa na huu mpira mpaka Jumamosi. Nikiutoa, akikojoa mwenyewe, atapona. Akishindwa, sitataka tumtese."

Nabwire alisikia aibu mpaka masikioni. Kile alichompa kwa mapenzi, kwa mkono wake mwenyewe, ndicho kilichomwangusha. Ada ya daktari tuiache, aliilipa. Hii nyingine ndiyo hakujua ataiondoaje kifuani.

Alhamisi alifunga biashara saa sita ili aende kumwona. Sella, aliyeuza mboga za sukuma meza ya pili na kuongoza kikundi cha akina mama kanisani, alimuuliza mbona mapema hivyo. Nabwire alifungua kinywa kusema paka. Kisha akakumbuka vile mtaa mzima ulivyomcheka fundi mmoja wa viatu aliyemlilia mbwa wake, kicheko kilichoendelea mwezi mzima.

"Anti yangu amelazwa Kawangware," alisema.

"Ai, pole sana. Shida ni nini?"

"Mkojo umeziba." Hapo angalau hakudanganya.

Alitembea kwa miguu mpaka Kawangware siku hiyo, na Ijumaa pia, si kwa kukosa nauli bali kwa sababu akikaa chini anawaza. Mezani aliwapimia watu mara mbili, wakaondoka kimya kimya na bahati yao. Alisugua karai la majivu lililokuwa safi, akalisugua tena. Ijumaa jioni kwenye maombi, mzee mmoja wa kanisa, Murunga, alimwombea shangazi kwa sauti nzito, akamsihi Bwana afungue njia iliyofungwa. Nabwire aliitikia amina kwa moyo wote. Mkojo ni mkojo, alijiambia. Lakini aliogopa dua isije ikapelekwa kwa mtu asiyekuwepo.

Njia ya mwongo ni fupi. Katika kikundi chao mgonjwa wa mmoja ni mgonjwa wa wote, na mgonjwa haachwi bila kutembelewa. Jumamosi asubuhi Sella alisimama mlangoni kwa Nabwire na mwenzake Bridgit, vitambaa vya kanisa kichwani, wamebeba mkate, sukari na themosi ya uji.

"Twende tukamwone anti."

"Amechoka sana, hapendi wageni."

"Hatukai. Tunaomba, tunatoka."

Basi wakaenda. Waliposhuka matatu Kawangware, Nabwire aliwapitisha sokoni, akakata kulia, akakata kushoto, akawarudisha pale pale kwa fundi wa redio.

"Hapa si tumepita?" Bridgit aliuliza.

Nabwire alikata kona nyingine. Saa tano ilikuwa imeshapita. Muia alikuwa ameshautoa ule mpira tangu asubuhi. Karani huenda alikuwa anakata roho wakati huu, na yeye yuko hapa anazungusha watu wazima wawili wakimtafuta shangazi wa kubuni. Alisimama.

"Sina anti Kawangware," alisema. "Ni paka wangu. Naogopa anakufa."

Bridgit aliutazama mkate, akamtazama Nabwire. "Mimi jana nimeshinda njaa nikiomba. Kumbe ni paka?" Alimkabidhi Sella mkate akageuka kuelekea steji ya matatu. Alikuwa na haki yake, na Nabwire hakumwita.

Sella aliukumbatia mkate pamoja na themosi. Kisha akauliza daktari yuko upande gani.

Walikaa juu ya magunia ya chakula cha kuku. Karani alikuwa kwenye kreti, juu ya magazeti makavu, macho yamefumba nusu. Hajakojoa bado, Muia alisema. Watangoja mpaka saa tisa. Sella alimimina uji, akampa Nabwire kikombe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka sana," Sella alisema. "Halafu ningekuja."

Nabwire alikunywa uji kwa haraka, maana hakujua aupeleke wapi uso wake.

Kama saa nane hivi Karani alisimama. Akayumba, akajizungusha, akachuchumaa. Muia aliacha kumhudumia mteja wa vifaranga, na mteja mwenyewe akasogea kutazama. Gazeti lililoa kidogo, halafu likaloa sana. Nabwire alilia kwa sauti humo dukani, mbele za watu, bila kujificha.

"Sasa unalia nini," Sella alisema akimpigapiga mgongoni, "na amekojoa?"

Jumapili Nabwire alisimama mwenyewe kanisani. Alisema shangazi hayuko, mgonjwa alikuwa paka, yuko nyumbani anakunywa maji na supu ya samaki, na kwamba yeye mwenyewe anaomba msamaha kwa kuwadanganya. Kanisa zima likacheka, mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Bridgit hakucheka, alihitaji muda zaidi. Kile kicheko ambacho Nabwire alikiogopa wiki nzima kilidumu kama dakika moja, kisha wakaimba wimbo uliofuata.

Ibada ilipokwisha, Murunga, yule mzee wa maombi, alimfuata mpaka nyuma ya kanisa. Alitazama huku na huku kwanza, kofia mkononi.

"Mbwa wangu hajala tangu Jumatano," alisema kwa sauti ya chini. "Kwangu sijaambia mtu vile nimekosa usingizi. Huyo daktari wako anapatikana kesho?"

Nabwire alimwambia anapatikana. Kisha akamwambia amngojee kwenye meza ya omena saa mbili, waende pamoja.