Maji Chini ya Zulia

Jumamosi, tarehe 14 Januari 1978, gari la kafili, mwajiri na mdhamini wa kaka yangu, liliingizwa uani kwetu Al-Mahjar, Jeddah, saa mbili na dakika kumi asubuhi, likatolewa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Ukiondoa dakika arobaini za sala ya adhuhuri na chakula, kaka yangu Vuai alilishughulikia kwa saa sita na dakika hamsini. Nayataja haya kwa ukamilifu kwa sababu mtu aliyetaka kumwangamiza alipenda kusema kwamba Vuai hafanyi kazi, anapoteza muda wa watu.

Vuai aliletwa Jeddah na mzee wetu mwaka 1964, tulipotoka Unguja, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Umeme wa magari alifunzwa na fundi wa Kiyemeni, na kwake alichukua desturi moja ambayo hakuiacha tena: habadilishi kifaa mpaka akione kikikosea mbele ya macho yake. Mafundi wengine hubadilisha balbu, wakishindwa, fyuzi, wakishindwa, nyaya zote, na mwenye gari hushukuru. Vuai alikuwa akikaa mbele ya gari na daftari lake, akisubiri. Mimi nilisomea ufundi wa redio miaka miwili Mombasa, kwa shangazi yetu, na subira ya namna hiyo naiheshimu.

Mafuta yalipopanda bei na Riyadh yote ikageuka uwanja wa ujenzi, Vuai alipata kafili huko, mfanyabiashara wa saruji mwenye nyumba Al-Suwaidi na magari tisa. Aliyempeleka ni Ghalib, mtoto wa binamu yake mama, mkuu wa madereva wa nyumba ile. Miaka miwili walikula sinia moja.

Gari lililowatenganisha lilikuwa la Kimarekani, refu, la rangi ya kahawia, alilokuwa akipanda mama wa kafili. Kila mwezi Ghalib alimpeleka bibi huyo Makka kwa umra. Walikuwa wakipumzika Jeddah kwa binti yake, kisha wakirudi Riyadh na dumu la zamzam. Na kila mwezi, wakishatoka Makka, taa za mbele zilizimika njiani, zikawaka, zikazimika tena. Gari lilipomfikia Vuai siku mbili tatu baadaye, taa zilikuwa nzima. Alitingisha nyaya, alikagua viungo, alisubiri. Akaandika daftarini: kosa halijaonekana. Baada ya miezi minne ya hali hiyo Ghalib alimwambia kafili kwamba Vuai analijua kosa hilo, analiacha makusudi ili ahitajike daima.

"Anaacha kidonda ili aitwe tabibu," alisema, mbele ya madereva wote.

Kafili aliamini. Halas. Alimpa Vuai siku thelathini aondoke nchini, na akakataa kumwandikia tanazuli, yaani barua ya kumruhusu ahamie kwa kafili mwingine. Bila barua hiyo ikama, kibali chake cha kuishi nchini, ingefutwa, na Vuai angepandishwa ndege kurudi kisiwani, ambako hapakubaki jamaa hata mmoja wa kumfungulia mlango. Alikuja Jeddah kutuaga.

Siku ya ishirini na sita, Ijumaa jioni, taa zilizimika tena, safari hii kwenye mteremko wa kutoka Makka, na kafili mwenyewe akiwa ndani pamoja na mama yake. Habari ilipotufikia, Vuai alikwenda Sharafiya, kwenye nyumba ya dada yake kafili, akaomba siku moja tu. Kafili alimjibu kwamba akiliona kosa, barua ataandikiwa. Asipoliona, Jumapili anaondoka.

Gari lililetwa na Ghalib. Kwa kuwa mimi nilikuwa uani, na yeye si maharimu wangu, ilimbidi abaki nje ya lango. Aliketi juu ya kreti la soda akaanza kusema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

"Yakhe Vuai, nasikia umemtia dada'ko kazini. Mwambie hiyo ni gari, si redio, haitafuti stesheni."

Nilijibu mimi, nyuma ya lango.

"Redio mbovu hukoroma kutwa, kaka Ghalib. Ndiyo maana nimekuzoea."

Majirani walicheka.

Tulilielekeza gari kwenye mlango wa stoo, ndani kwenye giza, ili mwanga uonekane vizuri ukutani. Mpaka adhuhuri taa hazikupepesa hata mara moja. Vuai aligonga, alivuta, aliitikisa bodi, akapima kila kiungo kwa testa. Kila kitu kilikuwa kizima, na kila saa ilimpendelea Ghalib, aliyekuwa akituuliza kutoka nje kama tunataka mshumaa.

Wakati wa chakula nilimuuliza Vuai: gari hili lilifanya nini kwenye mteremko ambacho halifanyi hapa uani? Aliweka tonge chini.

"Liliinamisha pua," alisema.

Tuliinua sehemu ya nyuma kwa jeki, tukaweka matofali chini yake, tukawasha taa, tukakaa. Dakika ya kumi na moja mwanga ukutani ulitetemeka, ukafa. Vuai alishika testa, akafuata umeme hatua kwa hatua mpaka kwenye swichi ya mguu, ile inayokanyagwa na dereva kubadili taa kutoka ya mbali kwenda ya karibu. Umeme uliingia, haukutoka. Akaliinua zulia. Maji yalikuwa yamejaa pale, na swichi imeota kutu ya kijani na chumvi nyeupe. Gari likiwa sawa, maji hurudi nyuma chini ya viti. Likifika Riyadh, joto huyakausha, na kosa halionekani tena.

Niliyakamua maji yale kwenye ndoo, ikajaa. Yaliteleza vidoleni. Nikaona vipande vidogo vya njano, nikavinusa. Ilikuwa sabuni ya mche, ile ambayo watu wetu huziba nayo dumu lililopasuka.

Vuai alifunga swichi mpya, ile mbovu akaikunja katika kitambaa kama ilivyokuwa kawaida yake. Nilimweleza kuhusu sabuni. Alisema kosa ameliona, linamtosha, na hana haja na Ghalib. Nilivaa abaya nikapanda kiti cha nyuma.

Sharafiya, Vuai aliingia majlisi kwa wanaume, mimi nikaingia kwa wanawake, kwa mama wa kafili. Pazia moja lilitutenga. Nilisikia Vuai akieleza, na nilimsikia Ghalib akimdakia: "Baba, maji hayo ni ya kwao. Wameliosha gari ili wapate la kuonyesha." Nilisikia kafili akiirudisha kalamu mezani.

Dumu la zamzam lilikuwa juu ya stuli, kando ya bibi. Niliomba ruhusa nikaliinamisha. Chini, kwenye ukingo wake, palikuwa na ufa uliozibwa kwa sabuni, na joto la gari lilikuwa limeilainisha. Nilimwonyesha bibi. Alimwita mwanawe, nikajifunika. Kafili aliingia, akaangalia, akarudi majlisi. Nikasikia kalamu ikiandika.

Hapo kaka yangu alikuwa ameshaokoka. Ningeweza kunyamaza.

"Madam," nilimuuliza bibi, "dumu hili lilijazwa mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Mbele ya macho yangu."

"Na sasa limejaa mpaka wapi?"

Aliangalia. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Nikamwambia kwamba maji niliyoyakamua kwenye zulia yalijaza ndoo nzima. Bibi yule kwa miezi minne alikuwa akifuturu kwa maji ya dumu lile, na akimpelekea dadake mgonjwa. Alisimama mwenyewe mpaka kwenye pazia.

"Ghalib, umeninywesha nini?"

Alikana mara mbili. Mara ya tatu alisema ni maji ya bomba, ya kituo cha petroli. Kwamba alilipasua dumu kwa bahati mbaya, akaogopa kusema, na kila mwezi akaogopa zaidi. Ndiyo maana alimtaka Vuai aondoke: alikuwa fundi pekee ambaye siku moja angeliinua zulia. Kafili alimwambia alete funguo.

Njiani Vuai hakunitazama.

"Barua ilikuwa imeshaandikwa, Wahida."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu alikusema mbele ya madereva wote."



Januari 1979 Vuai alikuwa na ikama mpya na karakana karibu na bandari. Ghalib alikuwa ameondoshwa nchini. Mkewe Mwanakhamis na wanawe watatu walihamia kwa kaka yake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kila Ijumaa Vuai aliwapelekea sinia ya chakula, na kila Ijumaa aliniomba nifuatane naye. Sikwenda hata mara moja.