Watafiti walirudi kuchukua magome, mama yangu akaacha kliniki

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mwenyewe, sijatia chumvi hata kidogo.

Kazi yangu ni kutunza panya wa maabara. Wanapandikizwa kansa, halafu wanapewa dawa iliyotolewa kwenye miti, tunaangalia kama uvimbe unapungua.

Mti mmoja unatoka kwetu Malindi, Lushoto. Jina silitaji, nawajua wabongo.

Watafiti wetu walipoenda kuchukua magome ya kwanza, wakasema ni ya utafiti wa kansa, mama yangu alisaidia kuyabandua. Mama ana kansa ya titi, alikuwa anahudhuria kliniki vizuri tu.

Wale panya uvimbe ulipungua kweli, tukafurahi. Halafu wakaanza kufa. Kuwapasua, maini yameharibika.

Bosi akasema turudie upya kwa dozi ndogo. Ndipo watafiti wakapanda tena Malindi kuomba magome mengine, na sababu hawakuisema.

Sasa kwetu, mtu akirudi kwa mganga kufuata dawa ile ile, ujue imemfaa. Kijiji kizima kikaelewa hivyo. Mimi niko mjini nafagia vizimba, sina habari.

Juzi nimefika nyumbani. Nimemwamkia mama shikamoo, akaitikia kwa shida. Macho ya njano. Jikoni sufuria ya magome inachemka. Kliniki aliacha tangu watafiti waliporudi.

Nikamweleza yote, panya, maini, kwa nini walirudi. Nilitegemea abishe. Akaepua sufuria, akakaa chini.

"Mwanangu, na mdogo wangu nimempelekea. Yeye haumwi, anajikinga tu."

Mama mdogo anaishi Mponde, ana shamba la chai. Simu yake haipatikani. Nilichukua bodaboda. Nikamkuta anachuma chai, anacheka, dumu la dawa limebaki robo.

Wote wawili nimewaleta hospitali, wamepimwa maini, majibu kesho.

Nilichojifunza: mnaofanya utafiti, mkirudi kijijini semeni kwa nini mmerudi. Nanyi mlioko nyumbani, panya kupona siyo mtu kupona.

Mwenye uzoefu na ini lililoharibiwa na mitishamba anijuze, hata kama ni habari mbaya. Nasoma komenti zote.

Mama mdogo yuko hapa pembeni yangu, ananiuliza yeye anaumwa nini.