Walioiona London kwa Nje

Kila baridi ya Riyadh inapoingia, Mwende, msichana wa Kikenya anayefanya kazi nyumbani kwa mwanangu hapa mtaa wa Al-Suwaidi, hufungua kabati la makoti, na harufu ya dawa ya nondo hunifikia hadi kitandani. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno kwa sababu tu mkono wangu haujui kalamu. Harufu hiyo ni ya Bwana Salum, na Bwana Salum alikuwa mpumbavu.

Nilikuwa mtoto Jeddah, muda si mrefu baada ya sisi kuihama Unguja. Baba alikuwa ameingiwa na wazo la kutupeleka London. Bibi, mamake, aliapa kwamba hahami mara ya pili. Tukienda, yeye atabaki kwa shangazi. Mimi nililala kitanda kimoja na Bibi, na usingizi haukunijia mpaka nishike ncha ya kanga yake. Kwangu London haikuwa mji. Ilikuwa kitu kinachokuja kuninyang'anya kanga ile.

Baba akawaita, baada ya alasiri, wenzetu wawili wa Unguja waliokwisha kufika huko. Bwana Salum, aliyekwenda kumnunulia tajiri wake vitambaa, alikuja na koti la sufi linalonuka dawa ya nondo katika joto la Jeddah, jasho likimchuruzika mpaka viatuni, asilivue. Bwana Hemed, aliyeosha vyombo katika hoteli ya huko, alirudi na kikohozi, na siku hiyo alikuja nacho.

"Wale ndio watu," alisema Bwana Salum. "Hata kununua gazeti wanapanga foleni. Ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anayekuomba radhi!"

"Anakuomba radhi usije ukamsemesha," akadakia Bwana Hemed. "Mawe yale, yamevikwa suruali. Jirani akifa, wanajua kwa harufu."

"Wewe umewaona ukiwa jikoni."

"Na wewe dirishani mwa teksi!"

Wakawikiana hivyo kama majogoo juu ya jaa moja. Mimi nyuma ya pazia nilimwombea Bwana Hemed ushindi, ingawa alikuwa akitapakaza makombo ya visheti vyetu kwenye jamvi.

Bibi alikuwa akimimina kahawa. Hakuinua macho.

"Salum, huko ulikunywa kahawa ya nani?"

"Ya hotelini, Bi Mkubwa. Nzuri ajabu."

"Sikukuuliza ya kununua. Nyumba ya nani ilikukaribisha?"

Bwana Salum akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Nawe Hemed?"

Bwana Hemed akakohoa.

"Basi nyote wawili mmetazama milango," alisema Bibi. "Mmoja kaipenda rangi yake, mwingine kaichukia. Kunyweni, mwende zenu."

Baba hakuitaja London tena. Usiku nilishika kanga ile, nikaamini kwamba ulimi wa Bibi ulikuwa mkali kuliko wa watu wote.

Bibi alikwisha kuzikwa nilipofahamu ulikotoka ukali ule. Kila Idi alipeleka sahani ya visheti kwa majirani wa Jeddah. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Zile zilirudi zimeoshwa, zinang'aa, hazina hata tende, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Pita ndani." Aliwauliza wale wawili swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

Siku hizi mawakala wanaleta wasichana wa kazi tele kwa ndege. Wengine hurudi kwao wakisema Riyadh ni pepo, wengine ni jahanamu, na wote wanasimulia kwa kiburi kile kile cha Salum na Hemed. Jana nilimsikia Mwende akimwambia dada yake kwenye simu, "Huku ni sawa tu, lakini watu wa huku, wacha tu." Na vikombe vyetu vyote anavijua, maana ndiye anayeviosha.

Nikamwita. "Kaa."

Akabaki wima. "Mama, kwani nimevunja nini?"

"Hukuvunja kitu. Kaa!"

Nikammiminia kahawa mimi mwenyewe. Akirudi kwao na aseme atakalo juu ya mji huu, hiari yake. Lakini akiulizwa alikunywa kahawa ya nani, asije akakohoa.