Kunenepa Kabla ya Ubelgiji

Mwaka 1956, katika kiangazi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, neno moja la daktari lilikaribia kuninyima safari yangu ya kwanza ya Ulaya. Mwanangu, wewe unayefunga sanduku wiki hii, keti kidogo nikusimulie, kwa maana yapo maandalizi yasiyoingia sandukuni.

Nilikuwa msaidizi wa wakunga katika nyumba ya uzazi ya masista hapa Kamina. Kusoma nilijifunza kwa kuchelewa, nikiwa tayari Ina Ilunga, yaani mama yake Ilunga, na labda ndiyo sababu nilisoma kama mtu mwenye njaa. Masista waliponichagua kwenda Ubelgiji kwa mafunzo ya miezi michache, mume wangu Kalenga, fundi wa reli, alifurahi kuliko mimi. Yalibaki mambo mawili: daktari athibitishe afya yangu, na wazee wa ukoo waniruhusu.

Jumatatu tarehe 11 Juni daktari alinipima. Alisema moyo ni mzima, mapafu ni mazima, ila mwili ni mwembamba mno kwa baridi ya huko. Nisiponenepa kufikia mwanzo wa Agosti, hatatia sahihi. Nilirudi nyumbani nikitabasamu, nikamweleza mama mkwe wangu neno kwa neno. Mwiko ulimponyoka.

"Alisema unenepe?"

"Ndiyo, Mama. Ninenepe, kisha niende."

"Eh! Ina Ilunga, weye ulisoma, lakini hausikie? Njo vile batumbula banafanyaka! Kwanza banakunenepesha, kisha banakutia mu kopo!"

Usicheke, mwanangu. Wakati ule wengi waliamini kwamba wako watu, batumbula, wanaokamata wenzao usiku, kuwanenepesha, na kuwageuza nyama ya makopo kwa ajili ya Wazungu. Na mama mkwe alikuwa na dada aliyekwenda kuteka maji utotoni mwao asirudi tena. Hakuna aliyewahi kumweleza sababu. Hofu yake ilikuwa na jina na sura.

Tangu jioni hiyo chungu kiligeuka. Bukari yangu, ule ugali wetu, ikawa donge la mtoto. Samaki wa kukaushwa kutoka Mulongo walihamia chini ya kitanda chake, nami nikapewa sombe tupu, majani ya muhogo yasiyoonja mawese. Majirani walianza kunisalimu kwa sauti ya matanga. Kalenga akaninong'oneza: "Ukule kule ku kazi. Mama hatajua."

Nilikataa. Ningeweza kunenepa kwa siri, lakini nani angenipaka pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu Waluba mzee humpaka mtu mikononi anapoanza safari? Kuondoka bila pemba kungekuwa kutoroka, na mimi sikuwa nimemwibia mtu.

Basi Jumatano tarehe 20 Juni, siku ya kilo, yaani siku ambayo akina mama hupeleka watoto wachanga kupimwa uzito, nilimwambia: "Mama, njoo uone mahali banapotunenepesha." Hakuwahi kufika huko, kwani kupima watoto alikuhesabu kuwa kazi ya wasichana. Siku hiyo alikuja, na fimbo yake akaibeba.

Sista alimtundika mtoto mmoja kwenye mizani, akatikisa kichwa. "Bado. Anenepe."

Mama mkwe akainuka. "Na akinenepa, munamupeleka wapi?"

"Ku nyumba, Nkambo!" akajibu mama wa mtoto, akimwita bibi. "Ao unafikiri nitamupeleka ku soko?"

Chumba kizima kilicheka. Mtoto aliyefuata alikuwa ameongezeka. Akina mama wakapiga makofi, mama yake akacheza naye hadi mlangoni, akamfunga mgongoni na kushika njia ya kwao. Mama mkwe aliwatazama mpaka walipopotea machoni. Kisha akaigeukia mizani mikubwa.

"Minyi pia, munipime."

Sista akampima, akamwambia kwa heshima kwamba naye ni mwembamba, ale zaidi.

"Ata minyi? Mwenye atanikula, meno yake itabakia palepale!"

Alicheka mpaka akaushika ukuta. Jioni hiyo samaki walitoka chini ya kitanda, na mawese yakaelea juu ya sombe. Asubuhi alinipikia uji wa karanga, akasimama mbele yangu mpaka nikaumaliza. Mchana alinizungusha uani nikiwa nimevaa soksi za sufu na viatu vya kufunga, akinicheka nilivyokuwa nikitembea kama bata, huku nikikariri kwa Kifaransa namna ya kusema mahali panapouma.

Mwanangu, nguo nzito utazipata, na hata lugha utaizoea. Ila mwenye kuogopa kwa ajili yako usimfiche njia yako, wala usimdharau kwa sababu hakusoma. Mshike mkono, umpeleke aone kwa macho yake. Ukiondoka na ridhaa ya watu wako, hata baridi ya ugenini itakukuta umejaa.

Jumapili tarehe 5 Agosti 1956, baada ya misa, ukoo ulikutana uani kwetu. Daktari alikuwa ametia sahihi siku iliyotangulia. Mjomba wa Kalenga, mkubwa wa kikao, akauliza kama yuko mwenye neno la kuizuia safari. Mama mkwe alisimama na bakuli la pemba.

"Anaenda," akasema. "Na mukiona anapendeza vile, minyi njo nilimunenepesha!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Akanipaka pemba mikono yote miwili, akaifuta mikono yake kifuani pangu, na mjomba akatangaza kwamba neno limekwisha. Nawe, mwanangu, nenda ukiwa mweupe moyoni. Meza ya ugenini ikukaribishe, kazi yako ikupe heshima, na Mungu akurudishe kwetu ukiwa umeshiba miaka.