Jenereta Juu ya Njia Yangu

Niliondoka Kiwanja kwa sababu ya neno moja: absent. Mama Vumilia, muuza nyanya anayetembea kwa mikono, aliitwa kwenye mkutano wa kugawa meza za soko jipya, na mkutano wenyewe ukawekwa ghorofani. Akabaki chini ya ngazi. Akasikia jina lake likiitwa mara tatu, akaitikia mara tatu, na wale wa juu wakamwandika absent, yaani hayupo. Meza yake ikapewa mtu mwingine. Aliponisimulia, mimi niliyepooza miguu tangu utotoni, nilimuuliza sababu, kama mjinga: "Juu ya nini haukupiga makelele?"

Alirudi kwenye nyanya zake. Basi nilipoalikwa Goma kusema maneno machache kwenye uzinduzi wa ukumbi mpya "wa watu wote", nikasikia pia kwamba mkubwa wa tume ya soko letu, ile iliyogawa meza, atakuwepo, nilimwahidi Mama Vumilia: nitamwambia macho kwa macho, meza yako irudi.

Asubuhi na mapema nilifika Rutshuru kwa baiskeli yangu ya matairi matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Dereva wa basi dogo la Goma aliifunga juu, kati ya magunia ya maharage, akanicheka: "Papa, kinga yako, hii baiskeli, imepata nafasi muzuri kukupita weye." Nilicheka pia. Siku hiyo nilikuwa bado na kicheko.

Njiani, Kibumba, tulipigwa na baridi, tukasimama abiria wanunue kabichi. Mimi nilibaki ndani nikirudia maneno yangu kimoyomoyo. Yalikuwa mafupi, na jina la Mama Vumilia lilikuwemo.

Saa tisa alasiri nilikuwa Goma, mtaa wa Katoyi, kwa Papa Deogratias, karani mwenye asili ya Bukavu ambaye hunipokea kila nikija. Barabara ya kwao ni mawe matupu ya volkano. Yeye na jirani yake waliibeba baiskeli kwanza, kisha wakanirudia mimi. Mkewe alitupatia bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

"Kesho utaingia kama mukubwa," Papa Deo akaniambia.

Alikuwa na sababu. Miezi minne kabla, waandalizi wa ukumbi ule waliniita niwafundishe. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji na futi mkononi, nikawapimia wajenzi rampe, ile njia ya mteremko inayopanda pembeni mwa ngazi. Nikawaandikisha na sheria moja: hapa mtu asibebwe kama gunia la viazi, kila mtu aingie mwenyewe. Walipiga makofi sana.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, Papa Deo aliniacha kwenye geti akawahi ofisini. Rampe ilikuwepo. Imenyooka, imelainika, vipimo vyangu vyote vimefuatwa. Na juu yake, katikati kabisa, jenereta inanguruma, imefungwa mnyororo kwenye chuma cha pembeni isiibiwe. Umeme ulikuwa umekatika, na katika ua ule wote wa mawe, mahali pa pekee pasipo na mawe pa kuiweka palikuwa njia yangu. Mungu wangu!

Msichana wa protokoli, mwenye utepe wa bluu begani, alinijia mbio. "Karibu sana Papa! Tulikuwa tunakungojea."

"Nipitie wapi?"

Akaangalia rampe, akaangalia ngazi. "Ungojee kidogo. Fundi amekwenda kutafuta mafuta, ni yeye iko na ufunguo wa munyororo."

"Basi ita wanaume waniinue."

Sentensi hiyo niliitoa kwa ajili ya Mama Vumilia tu.

"Hapana, Papa. Wakubwa batanigombeza. Sheria inasema hapa mutu habebwe. Ni mambo ya dignité, heshima ya mutu."

"Sheria hiyo niliitoa mimi!"

"Eeh, ndiyo sababu tunaiheshimu."

"Basi zimeni hiyo mashine nisikike tu!"

"Tukizima, micro ya kusemea inakufa, Papa. Na mukubwa yuko anasema juu yenu balemavu."

Akachukua maua ya wageni, akaingia.

Nilikaa nje na moshi usoni. Spika ilinirushia kila neno: ujumuishaji, usawa, hakuna atakayeachwa nyuma. Halafu nikasikia jina langu. Nikaitikia. Likaitwa tena, nikapiga makelele mpaka shingo ikauma, jenereta ikayameza yote. Mara ya tatu nilipiga chuma cha rampe kwa pampu ya baiskeli. Ndani sauti ikasema kwa huruma, "Ndugu yetu ameshindwa kufika, tunajua hali ya barabara." Wakanipigia makofi.

Saa sita, fundi bado hajarudi, wageni walitokea mlango wa nyuma, nao wenye ngazi, kwenda kula. Gari la mkubwa wa tume lilinipita, vioo juu. Yule msichana alirudi na orodha, nikamwomba anionyeshe jina langu. Mbele yake: absent.

"Futa. Si unaniona?"

"Ninakuona, Papa. Lakini liste imekwisha kusainiwa."

Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu wa kumtupia hasira sikumpata. Jioni Papa Deo alinisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani yake pembeni.

Kesho yake mchana nilirudi Kiwanja. Njia nzima nilijiona mpumbavu: niliwafundisha kupima saruji, sikuwafundisha kugeuza macho na kuangalia nani amebaki nje. Na mimi mwenyewe sikuwa nimejua kuliuliza swali hilo.

Mama Vumilia alikuwa chini kando ya barabara, nyanya zake juu ya gunia.

"Redio ilisema haukufika," akasema.

"Nilifika. Nilikuwa mlangoni. Waliita jina langu mara tatu."

Alipangusa nyanya moja kwa kitenge, akairudisha kwenye fungu, ndipo akaniangalia.

"Juu ya nini haukupiga makelele?"