Ukurasa wa Siri Kuhusu Wakwe

Watu wangu, mie nina bahati! Ukoo mzima umenichagua nisimamie tovuti yetu.

Leo wazee wa mchumba wa dada Rehema walikuwa waje kuleta barua ya posa.
Sasa, kwenye tovuti kuna ukurasa wa siri, wa yale tuliyochunguza kuhusu kwao.
Jana nikaufunga.

Kumbe nimezuia kuandika tu. Kusoma, kila mtu anasoma!

Mama wa mchumba akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nani kaandika kwamba kwetu mgeni anapewa mchuzi bila nyama?"

Jamani, nyie mngejibu nini? Niliandika mie!

Barua haikuja. Rehema kajifungia chumbani, analia.

Basi niseme ukweli. Hakuna aliyenichagua. Nilijipachika, na kufunga ukurasa nilikuwa sijui.